Namna ya Kutoka Chumba cha Habari na Mali Mfukoni

Sogea karibu, mwandishi mwenzangu. Haya hayasemwi mbele ya mhariri.

Umechoka. Umechoka na hotuba za ufunguzi na za ufungaji, umechoka kumpigia kamanda wa polisi wa mkoa saa mbili usiku kuuliza idadi ya maiti huku ukurasa unakungoja. Ukilala unawaza kuandika habari za baba yako, za mtaa mliokulia, za ile safari ya treni kwenda Kigoma. Unawaza pia kukaa na vijana wanaoanza kuandika, uwagawie ulichonacho. Mawazo yote mawili ni mema, na nitakuonyesha njia ya mkato.

Wengi wanaotoka kwenye habari kwenda kwenye simulizi za maisha yao hutoka mikono mitupu. Wanadhani kazi waliyoifanya miaka yote ilikuwa kitu kingine kabisa, kwa hiyo wanaiacha mezani pamoja na kitambulisho, wanarudi nyumbani kungoja hisia. Hisia zinakuja, zinajaza nusu ukurasa, zinaondoka. Wewe hutatoka hivyo. Utatoka na mali ya ofisi, na mlinzi wa getini hatakupekua, kwa sababu wenye ofisi wenyewe hawajui kama ni mali.

Hatua ya 1: Usiage

Najua umeshalitunga tangazo la kuaga. Lina picha yako umeshika notibuku, na umeshawahesabu watakaoandika "tutakukumbuka." Liweke kwanza. Mtu akipongezwa kwa kitabu ambacho hajakiandika, hamu ya kukiandika humpungua, maana ujira ameshaupokea. Na mwenye nyumba hapokei pongezi.

Baki kazini, uibe muda. Kama ni mwandishi wa kujitegemea, unayelipwa kwa habari iliyotoka tu, wizi huu ni mgumu kwako kuliko kwa aliyeajiriwa. Iba pale ambapo muda umeshapotea: upo ukumbini, mgeni rasmi bado hajafika, wenzako wote wameinamia simu. Geuza notibuku, uanze kuandika kwa nyuma. Mbele ni kwa gazeti, nyuma ni kwako. Siku kurasa za nyuma zitakapokutana na za mbele, utakuwa na cha kuanzia, na hapo unaweza kwenda kuzungumza na mwajiri.

Hatua ya 2: Iba mikia

Hii ndiyo mali yenyewe, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Unajua habari inavyojengwa. Kizito juu, chepesi chini. Jioni likiingia tangazo la nusu ukurasa, mhariri hasomi tena kazi yako. Anakata kuanzia chini kwenda juu mpaka itoshe. Utaratibu huo ni wa haki, umewekwa ili msomaji asikose lililo kubwa. Lakini hebu fikiria ni kitu gani ulikuwa unakiweka kule chini miaka yote hiyo. Ulikuwa unaweka watu.

Chukua MV Bukoba. Meli ile ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba, imebakiza kidogo tu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Ripota aliyekuwa zamu alitakiwa kuanza na idadi, kisha serikali inasemaje, kisha siku tatu za maombolezo ya taifa. Ndivyo ilivyopasa, nchi nzima ilikuwa inataka kujua. Ila tuseme kwenye notibuku yake alikuwemo mzee mmoja pale bandarini, anayesimamisha kila mpita njia kumuuliza kama amemwona kijana aliyebeba mkungu wa ndizi anaompelekea dada yake. Mzee huyo angewekwa aya ya mwisho, na aya ya mwisho ingekatwa. Basi hajapotea. Yuko uvunguni kwa ripota, ndani ya boksi, pamoja na namba za simu zisizo na majina.

Wewe nawe unalo boksi hilo. Livute. Usitafute habari kubwa, maana hizo zilishatoka. Tafuta mistari ambayo hakuna gazeti lingeichapa. Katikati ya bei ya korosho msimu fulani, utakuta umeandika kwa haraka: "mwenyekiti wa kijiji kavaa viatu viwili tofauti." Hakuna aliyekutuma kuandika hilo, na ulijua kabisa haliendi popote. Uliliandika kwa sababu jicho lako lilishaanza kufanya kazi nyingine wakati mkono bado unafanya ya ofisi. Kila mstari wa namna hiyo uhamishe kwenye daftari jipya. Ukimaliza boksi lote utakuwa umepata kitu ambacho anayeanza leo kuandika hana, hata awe na kipawa gani.

Wizi huu una mpaka mmoja. Aliyekuambia neno kwa sharti la kutotajwa, hatajwi. Ahadi uliyoitoa ukiwa ripota haikuwa ya gazeti, ilikuwa yako, na inakufuata hadi kwenye kitabu.

Hatua ya 3: Acha sauti ya ukurasa wa mbele

Kuna vitu vya ofisini ambavyo ukivibeba vitakuharibia. Cha kwanza ni ile sauti ya "imeelezwa," "imebainika," "wito umetolewa." Kazini ilikuwa na faida yake: ilikuweka mbali na maneno ya watu, na siku nyingine ilikuweka mbali na mahakama. Kwenye simulizi yako huna wa kujificha nyuma yake. Kama ni mjomba aliyeuza kiwanja cha marehemu kabla ya arobaini, basi mjomba aliuza. Andika hivyo, halafu uone mkono unavyotetemeka. Ukitetemeka, uko mahali penyewe.

Cha pili ni haraka ya kutangaza kifo. Habari humuua mtu katika sentensi ya kwanza, na ni lazima imuue, maana ndicho msomaji alichonunulia gazeti. Simulizi inampa nafasi ya kuishi kwanza. Mwache bibi yako atafute miwani yake ilhali ameivaa, agombane na muuza mkaa, akudai chenji ya juzi. Akifa ukurasa wa sita, msomaji atakuwa na cha kulilia.

Hatua ya 4: Jihoji kama mtuhumiwa

Mwaka 1955 Gabriel García Márquez alikuwa ripota wa gazeti la El Espectador mjini Bogotá, Colombia. Gazeti likapata kuzungumza na baharia kijana, Luis Alejandro Velasco, aliyeanguka kutoka kwenye meli ya jeshi la wanamaji akaelea siku kumi juu ya chelezo. Habari yake ilikuwa imeshachakaa. Alishapokewa kama shujaa, alishatokea kwenye matangazo ya biashara. García Márquez akakaa naye vikao ishirini, saa sita kila kikao, akichomeka maswali ya mtego ili aone kama baharia atajipinga. Katika vikao hivyo likajitokeza jambo ambalo watu walikuwa hawajaambiwa: hapakuwa na dhoruba. Meli ilikuwa imejaza juu ya sitaha friji, televisheni na mashine za kufulia, bidhaa za magendo, na mzigo huo ndio uliowaponza mabaharia. Simulizi ikatoka kwa mfululizo wa sehemu 14, ikaukasirisha utawala wa kijeshi wa Gustavo Rojas Pinilla, na mwaka 1970 ikawa kitabu.

Ninachotaka ukione ni hiki. Simulizi ile yote imeandikwa kwa nafsi ya kwanza, baharia ndiye anayesema "mimi." Lakini "mimi" ile imeshiba kwa sababu aliyeiandika hakumwamini msemaji mpaka amemhoji saa mia moja na ishirini. Sasa wewe unataka kuandika "mimi" yako mwenyewe, na hujajiuliza hata swali moja.

Kumbukumbu yako inakupenda mno. Inakuweka katikati ya kila picha, inakufanya mdogo kuliko ulivyokuwa ulipokosea na mkubwa kuliko ulivyokuwa ulipotenda mema. Usiichukie, ndiyo kazi yake. Wewe fanya kazi yako. Unakumbuka mvua ilinyesha siku baba alipohama nyumbani? Mpigie dada yako. Usimuulize "mvua ilinyesha?" maana atasema ndiyo akuridhishe. Muulize mlianua nguo? Mlikoka moto ndani au nje? Tafuta ripoti za shule, kadi ya kliniki, barua, picha zenye maandishi nyuma. Nenda mtaani ukamtafute jirani ambaye mama alikuwa haelewani naye, huyo hana sababu ya kuipamba familia yenu. Nenda ukautazame mlango ambao ukikumbuka unaona ni mkubwa.

Dada akisema tofauti na wewe, usichague. Weka yote mawili ukurasani, lako na lake. Msomaji atakuamini zaidi, na dada yako ataendelea kupokea simu zako.

Ukitaka kuona safari ya ujana ikisimuliwa na mtu aliyepitia uandishi wa habari, soma *Mbali na Nyumbani* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 2013. Kijana anatoka Unguja akitamani kufika Ulaya, anapita Kenya, Uganda, Sudan hadi Misri. Isome mara mbili. Ya pili uwe na kalamu, uhesabu ni mambo mangapi ripota mzuri angeyaandika kwenye notibuku.

Hatua ya 5: Andika kwanza rasimu ya majivuno

Utajisifu. Sote tunajisifu, na anayejizuia tangu mstari wa kwanza hufika wa kumi amenyauka. Basi jiachie. Andika rasimu moja ambayo wewe ndiye shujaa: ulimjibu waziri akanyamaza, uliikataa bahasha wenzako walipoipokea, uliona mapema kila kilichokuja kutokea. Imalize, uisome peke yako kwa raha zako. Kisha pigia mstari kila mahali unapotoka na ushindi. Pale chini ya mstari, mara nyingi, kuna mtu mwingine amesimama hujamwona: dereva aliyekupeleka, mke aliyekopa kwa ajili ya mwezi ule ambao bahasha haikuingia nyumbani. Rasimu ya pili ni ya huyo.

Hatua ya 6: Vunja sheria uliyofundishwa siku ya kwanza

Siku ya kwanza kazini uliambiwa usimwonyeshe chanzo chako habari kabla haijachapwa. Sheria nzuri. Bila hiyo kila mkurugenzi angekuwa mhariri wako. Kwenye simulizi za nyumbani, ivunje.

Mwanasiasa uliyemwandika alikuwa na msemaji, na wakili, na gazeti jingine la kumtetea. Mama yako hana. Ukichapa kwamba alilala njaa ili ule, ni wewe utakayesifiwa kwa kuandika vizuri, naye atakwenda jumuiya Alhamisi kukaa na wanawake waliosoma. Kwa hiyo mpelekee kabla. Usimtumie kwenye simu. Nenda, msomee kwa sauti, taratibu, na umwache akatize. Akikuomba uondoe jambo, uliza kwa nini, kisha nyamaza. Mara nyingi atakachokusimulia katika kueleza ni kwa nini hataki ndicho ulichokuwa unakitafuta, na ataweza kukupa ruhusa ya hicho. Akikataa, acha. Una boksi zima la mikia. Hutakufa njaa kwa kukosa ukurasa mmoja.

Utalaumiwa na wanaosema mwandishi wa kweli haombi ruhusa. Waulize kama mama zao wako hai na wanasoma.

Hatua ya 7: Anza kulea wengine kabla hujawa tayari

Njia ya mkato kubwa kuliko zote ni hii. Hutajua unachokijua mpaka mtu mdogo kwako akuulize. Kwa hiyo usisubiri kitabu chako kitoke. Tafuta vijana wachache, tafuta mahali penye viti na chai isiyo ghali, panga siku na saa, na uifuate saa hiyo kama ulivyokuwa unafuata muda wa ukurasa kwenda mtamboni. Kundi likiwa dogo ni bora. García Márquez, akiwa ameshapata Nobel tangu 1982, alianzisha katikati ya miaka ya 1990 taasisi ya kufundisha waandishi wa habari mjini Cartagena, na mtindo wake ulikuwa warsha: watu wachache, mwandishi mzoefu mmoja, kazi zao mezani.

Sasa sikiliza siri ya kufundisha bila kuchoka. Usirekebishe. Ukimwandikia kijana sentensi yake upya, utajisikia fundi, yeye atajisikia mjinga, na wiki ijayo atakuletea sentensi nyingine uirekebishe. Wewe uliza tu, na maswali ni yaleyale ya chumba cha habari: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi. Hayajawahi kuisha nguvu.

Kijana mmoja wa kijiwe chetu alileta maandishi kuhusu msiba wa babu yake. Alisimama, akasoma vizuri, sauti imetulia. Mamia ya waombolezaji walijitokeza. Diwani alitoa salamu. Marehemu alielezwa kuwa mtu wa watu. Alipomaliza wenzake wakapiga makofi kwa heshima ya msiba, akaketi akanitazama.

Nikamuuliza, "Nani aliosha vyombo?"

"Vyombo, mwalimu?"

"Mamia ya watu walikula. Nani aliosha?"

Akafikiri. Akasema ni shangazi yake. Akanyamaza, kisha akaendelea kidogo kidogo. Shangazi huyo na babu walikuwa hawasalimiani miaka mingi kwa sababu ya shamba. Siku ya msiba alifika alfajiri kabla ya watu, akavuta ndoo hadi nyuma ya jiko, akaketi juu ya kigoda akaanza na masufuria. Alikaa pale mpaka siku ya tatu. Hakuingia ndani hata mara moja, hakwenda kuaga mwili, na matanga yalipokwisha akajitwika mzigo wake akaondoka kwa mguu. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa majivu.

"Lakini hilo si la msiba, mwalimu," kijana akasema.

Meza nzima ilikuwa kimya, na dada mmoja akamwambia, "Kaka, andika hilo." Mimi sikuongeza neno, na karatasi yake sikuigusa. Wiki iliyofuata alileta kurasa nne, diwani hayumo.

Ona nilichomfanyia: nilichungulia kwenye aya ambayo gazeti lingeikata. Hakuna kingine. Huo ndio ujuzi wote uliotoka nao, nawe unaugawa kwa bei ya chai. Ukiwa na vijana wanaosita, wape zoezi ambalo halikatai: waandike tukio la familia bila kutumia neno lolote la hisia, hakuna "huzuni," hakuna "furaha," vitu na vitendo tu. Watanung'unika. Wape muda mfupi. Muda mrefu huwapa nafasi ya kuogopa.

Na majivuno yako je, utayapeleka wapi? Yapo, na yatakuwasha hasa siku kijana wako atakapoandika vizuri kukuzidi. Yape kazi. Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa "Discovering Home," simulizi ya safari na ya nyumbani kwao. Angeweza kukaa na sifa zake. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakatoa jarida la *Kwani?* mjini Nairobi, na mwaka huohuo Yvonne Adhiambo Owuor akashinda tuzo ileile kwa hadithi iliyochapwa humo. Kuna watu wawili waliotoka na tuzo hapo, ila jina la jarida limebeba wengi zaidi. Ukitaka kujivuna, jivunie kitu cha namna hiyo. Kinadumu, na hakikulazimishi kutaja kitabu chako kila mahali.

Hatua ya 8: Mfukuze kwa wakati

Siku moja utasoma ukurasa wa mwanafunzi wako ukadhani umeuandika wewe. Vituo vyako, mizaha yako, hata namna yako ya kumwingiza mtu mlangoni. Utafurahi sana, na furaha hiyo ndiyo dalili. Usikae nayo hata wiki. Mwite pembeni, umwambie ukurasa ni mzuri na kwamba wewe na yeye mmemalizana kwa sasa. Mpe jina la mwandishi mwingine, ikiwezekana yule ambaye hamkubaliani kuhusu karibu kila kitu, na umpigie huyo mwenzako simu palepale kijana akiwa amesimama, ili asije akajifanya amepoteza namba. Kisha rudi mezani. Kiti chake kimebaki wazi, na kuna binti amekuwa akisimama karibu na mlango tangu saa kumi, ameshika daftari lake, hajathubutu kuketi. Mkaribishe, na kabla hajaanza kujitetea muulize ameandika kuhusu nani.